Nyayo Zilizokwenda Kondoa

Mwantum alikuwa anamwaga majivu mlangoni, maana mvua ya usiku ilikuwa imeugeuza udongo wa kizingitini kuwa sabuni, alipouona mguu wa mume wake barabarani. Ulikuwa ndani ya mfuo wa gurudumu la motokaa ya Bwana Shauri, Mdachi mkuu wa boma. Kidole kidogo kimempanda mwenzake mgongoni, ufa wa kisigino umepinda kama mundu: mguu wa Athuman, wa kushoto, na Dodoma nzima hakuna mwingine kama huo. Mbele kidogo ulikuwepo tena. Na mbele yake tena. Kila gurudumu lilipomaliza kuzunguka lilikuwa limeuacha chini, hadi pale njia inapokata kwenda Msalato na kuendelea Kondoa. Wa kulia haukuwepo hata mmoja. Ungedhani Athuman ameruka kwa mguu mmoja tangu bomani.

Athuman mwenyewe alikuwa ndani, amelala.

"Matonya," akaita Mwantum, "hebu njoo unisomee hapa."

Matonya alikuwa Mgogo wa Zuzu aliyekuja mjini kuuza mbuzi. Mbuzi waliisha, yeye akabaki, kama walivyobaki wengi katika nyumba ile. Lilikuwa tembe refu nyuma ya stesheni, na halikupata kulala hata siku moja likiwa na nafasi. Walilala humo Warangi walioteremka kutoka Kondoa na asali yao, wapagazi waliokuwa wanangoja safari, wanawake waliogombana na waume zao, na wale waliokuja kuwapatanisha wakanogewa na mazungumzo. Wote walikula chungu kimoja, na hakuna habari ya mjini iliyofika mahali bila kupita kwanza kwa Mwantum kunywa uji.

Matonya akatoka na kata yake mkononi, akachuchumaa juu ya ule mfuo, akautazama kama anavyotazama mahali alipopita ng'ombe wa watu.

"Shemeji, huu ni mguu wa mumeo."

"Naona."

"Wa kushoto."

"Hilo nalo naona. Nakuuliza umepita saa ngapi."

"Kabla ya jogoo. Na gari lilikuwa na mzigo." Akafuata mfuo kwa kidole. "Ona, halikuyumba hata kidogo. Mguu mzuri huu. Umeshika."

Akarudi ukutani kumalizia uji wake.

Mwantum akaingia ndani, akafunua shuka upande wa miguuni. Unyayo wa kushoto wa Athuman ulikuwa laini kama sahani ya Kizungu. Haukuwa na mstari wala ufa wala ule ugaga aliokuwa anamsugulia kwa jiwe kila Ijumaa. Alipoinua macho akakuta mumewe anamtazama.

"Waliuchukua lini?"

"Jana alasiri. Sikutaka kukuharibia usingizi."

"Iliuma?"

"Haiumi kabisa," akasema Athuman. "Wala usiwe na wasiwasi. Haiumi."

Mwantum akamfunika. Hilo la kutouma ndilo lililomtisha. Kitu kikikuuma, walau unajua bado ni chako.

Motokaa ilikuwa imekuja kwa gari la moshi kutoka Dari Salama, ndani ya kreti la mbao, kiangazi kilichopita. Kiangazi chote ilikwenda Kondoa na kurudi, ikitimua vumbi, na watu wakaizoea kama walivyozoea mbwa wa Bwana Shauri. Dereva wake alikuwa Bartolomayo, mtu wa pwani aliyelelewa misheni, na kwa kuwa hakuwa na mke wala jiko, alikuwa anakula kwa Mwantum. Ndiye aliyewaeleza mambo yalivyoharibika masika yalipoanza.

"Mpira ni laini, hauna meno," alisema siku ile, tonge mkononi. "Nchi kavu haina taabu. Lakini gari likikimbia juu ya maji, maji yanakataa kupisha. Mpira unapanda juu yake, unalala hapo. Chini haugusi tena. Mimi nazungusha usukani, gari halina habari. Ukikanyaga breki, ndiyo kabisa umelichokoza. Tuliondoka tunatazama Kondoa, tukasimama ndani ya miiba tunatazama Dodoma."

"Na Bwana Shauri?"

"Alikuwa ameshika kofia."

Watu walicheka sana. Ilikuwa bado ni kitu cha kuchekesha.

Wa kwanza alikuwa Yahaya, mume wa Batuli wa nyumba ya pili. Jumbe alikuwa ameamriwa kutoa wanaume wa kulisukuma gari kwenye mteremko wa Msalato, na siku hiyo gari lilianza kurudi nyuma, Bwana Shauri yumo ndani na askari wanapiga kelele tu. Yahaya akakaa chini kwenye matope, akabandika nyayo zake zote mbili kwenye mpira wa nyuma, akakaza. Gurudumu likazunguka likiteleza juu ya nyayo zake. Kisha likaacha kuteleza. Likashika, na gari likakipanda kilima kama mbuzi. Yahaya aliinuka akaanguka, akainuka akaanguka. Wenzake walimbeba mpaka nyumbani.

Bwana Shauri aliteremka kule juu, akaupapasa mpira kwa kidole, akakuta visigino vya Yahaya vimekaa pale vizuri.

"Sawa," akasema.

Mipira ya kufaa ilikuwa imeagizwa Ulaya, lakini meli huja inapokuja, na watu wa Kondoa walitakiwa waone serikali hata wakati wa mvua. Basi amri ikatoka. Kabla ya safari, jumbe apeleke wanaume bomani, kila mmoja akae kwenye kijisanduku na kukanyaga mpira wakati Bartolomayo anauzungusha taratibu. Mguu mmoja kwa mtu, kwa kuwa serikali haikutaka kuonea. Aliyekataa alipata viboko hamsa ishirini kwanza, halafu akakaa kwenye kijisanduku. Mjini hakuna aliyeshangaa. Serikali ilikuwa imeshachukua mabega ya watu kwa mizigo na migongo yao kwa reli, na miguu ilikuwa ndiyo iliyobaki. Wapo waliosema kosa ni letu, tumekula mlenda mno, nyayo zimelegea. Nyumba kadhaa ziliacha mlenda kwa muda, zikarudia.

Mtu asiye na nyayo hutembea kwenye nchi kavu kama mtu yeyote, ila haachi alama. Taabu ni mvua. Yahaya ilimkuta anatoka msikitini. Batuli alimwona anapita mbele ya mlango amesimama wima, mikono ameitandaza, anateleza polepole kuelekea reli.

"Unakwenda wapi?" akamwuliza.

"Sijui, mke wangu. Nitakaposimama nitakutumia salamu."

Na kweli alituma. Wafanyakazi wa reli wa Zuzu walimwona jioni ile, akawaamkia vizuri. Jua lilipowaka akageuka kurudi kwa miguu, lakini masika yalikuwa mazito mwaka ule, na kila alichokitembea kwa siku kavu, mvua iliyofuata ilimrudisha mara mbili yake. Wakamwona Kigwe. Kisha wakamwona anaingia kwenye majimaji ya Bahi, na aliyefika Bahi hana tena pa kukanyaga. Batuli akaendelea kupika kwa wawili kwa muda, halafu akahamia kula kwa Mwantum.

Wenye mguu mmoja waliobaki walijifunza. Mvua ikianza walijifunga kiunoni kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe, ncha nyingine kwenye nguzo ya nyumba, wakasubiri. Mwantum akamkatia Athuman ukanda wake asubuhi ileile. Fundo likakataa kukaa, na Athuman akamfungia.

Mchana akaja jumbe, amevaa ile kanzu yake ya kuitia watu.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba. Athuman yupo?"

"Yupo, lakini hana mguu."

"Anao mmoja," akasema jumbe. "Huo ndio ninaoutafuta."

 Wale waliokuwa wanagombea bao waliziacha kete shimoni.

"Amri ni mguu mmoja kwa mtu," akasema Mwantum.

"Ilikuwa. Wanaume wa mji wenye miguu yote wamekwisha, mwanangu, na wageni hawamo katika daftari langu. Na Bwana Shauri anataka mguu wa mpagazi. Unadumu. Huyu ametembea na mzigo kichwani mpaka pwani, nyayo kama kwato." Akamtazama Athuman kwa namna ya kumsifu. "Kesho asubuhi gari linakwenda Kondoa. Kuna watu wa kufungwa huko."

"Na mvua ikinyesha?"

"Mwombeni Mungu isinyeshe."

Katika nchi ile, ambako watu huomba mvua mpaka sauti zinakauka, maneno hayo hayakuwa yamesikika. Jumbe mwenyewe aliyasema kwa sauti ndogo, akatazama mashariki ambako wingu lilikuwa limekaa tangu asubuhi, akaenda zake.

Jioni walikula ugali wa uwele na mlenda, na kila mtu alikuwa na shauri lake. Mmoja akasema Athuman akimbilie Chemba kwa wajomba zake.

"Kwa mguu mmoja?" akauliza Matonya. "Mvua ikimkuta Msalato utakwenda kumwokota wapi? Ng'ombe aliyevunjika mguu tunamchinja, hatumpeleki safari."

"Wewe kila kitu ng'ombe," akamjia juu Zipora, muuza maziwa kutoka Msalato, ambaye alikuwa amekuja kuchukua kibuyu chake juzi na bado yupo. "Siku utakayokufa tutakupigia kengele za ng'ombe."

"Itakuwa maziko mazuri."

"Na akikimbia," akasema Athuman taratibu, kama vile wanamzungumzia mtu mwingine, "jumbe atachukua mtu mwingine humu humu, hata mgeni, na nyumba itachomwa. Nitakwenda."

Mwantum hakuwa anakula. Alikuwa anatazama mikono inavyoingia kwenye sahani na kutoka, kila mmoja na tonge lake, na sahani moja inawatosha wote.  Kwao Kondoa, mwenye msiba hakuachwa na msiba wake. Huyu huleta kibaba, yule huleta kuni, na kilichokuwa kinamzidi mtu mmoja kinabebeka.

"Tuchange," akasema.

"Tuchange nini?"

"Mguu. Kila mtu atoe kidole cha mguu. Vidole vikijaa mpira, mguu wa Athuman wa nini?"

 Matonya akalitafuna lile neno pamoja na ugali.

"Kidole nitatoa," akasema. "Nitatoa hiki cha mwisho. Ng'ombe alishakikanyaga, hakina kazi."

"Hee!" Batuli akapiga makofi. "Mwanamume mzima anakuja kwenye mchango na kidole cha mwisho! Ukialikwa harusini utapeleka shingo ya kuku?"

Watu wakamcheka Matonya hata akaona aibu. Akasema basi, atatoa gumba. Baada ya hapo nani tena angetoa kidogo kuliko Mgogo wa mbuzi? Zipora akatoa gumba. Batuli akatoa magumba yote mawili, kwa kuwa, alisema, tangu Yahaya aondoke hana anapokimbilia. Mwantum akazunguka mtaa mzima kabla jua halijazama, na kila mlango aliopiga hodi alipewa kilicho kizuri, maana mtu hujulikana kwenye mchango. Hakuna aliyetoa kidole kidogo. Alirudi nyumbani amechoka, akaketi, na kwa mara ya kwanza siku ile akala.

Asubuhi wakapanda bomani kundi zima. Wingu lilikuwa limesogea. Motokaa ilikuwa imeinuliwa upande mmoja juu ya magogo, na Bartolomayo amesimama kando ya gurudumu la mbele, hatazami mtu. Kijisanduku kilikuwa pale. Mmoja mmoja walikaa, wakabandika gumba kwenye mpira, Bartolomayo akazungusha. Palitoka harufu ndogo ya ngozi inayochomwa, na kila aliyeinuka alikitazama kidole chake, akaenda kusimama pembeni. Mwantum alikaa wa mwisho, akabandika gumba lake lenye alama ya kisu. Alihisi joto, kama jiwe lililolala juani, kisha hakuhisi kitu. Athuman alisema kweli. Haikuuma.

Bwana Shauri akaja na fimbo yake, akainama juu ya mpira. Ulikuwa umejaa magumba duara zima, yamebanana kama mbegu za alizeti. Akafurahi. Alijua Kiswahili, tena kizuri.

"Nani amebuni jambo hili?"

 Jumbe akamwonyesha Mwantum kwa kidevu.

"Vizuri sana, mama," akasema Bwana Shauri. "Huu ni utaratibu. Tangu leo kila nyumba itachangia hivi."

Wale waliokuwa pembeni walilisikia neno hilo vizuri, lakini miguu yao haikujua ifanye nini nalo. Bwana Shauri akageuka kwa askari.

"Sasa huyo mpagazi."

Mwantum akasogea mbele.  "Bwana, tumekwisha kumtolea. Mpira umejaa."

"Umejaa," akakubali Bwana Shauri, wala hakukasirika. Akamwonyesha motokaa kwa fimbo, mbele na nyuma, kulia na kushoto, kama anayemfundisha mtoto. "Lakini, mama, magurudumu ni manne."

Athuman alikuwa ameshakaa kwenye kijisanduku.

Gari likaondoka likiwa na mguu wake wa kulia nyuma na magumba yao mbele. Lilipita kwenye dimbwi la mlangoni mwa boma kwa kasi, na halikuteleza. Wao wakaanza kuteremka kurudi nyumbani, harakaharaka, Mwantum kamshika Athuman mkono huu na Matonya kamshika ule.  Upepo ulikuwa umekufa. Kuku wa watu walikuwa wameshaingia ndani.

"Tutafika," akasema Zipora nyuma yao.

Tone la kwanza lilimpiga Mwantum shingoni. Akajifanya hakulihisi. La pili lilianguka mbele ya mguu wake, likafanya shimo dogo kwenye vumbi, na kisha mashimo yakawa mengi, kisha hapakuwa tena na vumbi. Njia ya boma ilikuwa na mteremko mrefu wa udongo mwekundu, na kwa muda wa kusema salamu ikawa inang'aa.

"Ukanda uko wapi?" akauliza Matonya.

Ukanda ulikuwa nyumbani, umefungwa kwenye nguzo.

Athuman akaanza kwenda. Hakuanguka. Aliondoka tu, amesimama, kama mtu aliyepandishwa kwenye kitu. Mwantum akamkaza mkono, akavutwa. Matonya akavutwa. Batuli akamkamata Mwantum kiunoni, Zipora akamkamata Batuli, na nyuma yao nyumba nzima ikashikana, mtu na mtu, kila mmoja akikanyaga kwa nguvu zake zote.

Hapo ndipo walipojua. Mtu anayetaka kusimama kwenye tope hulibana kwa gumba. Mwantum alibana, mguu ukafumba mahali ambapo hapakuwa na kitu. Akabana tena. Nyuma yake alisikia watu wanahema, na alijua kwa mvuto wa kiuno chake kwamba kila mmoja wao anatafuta kidole kilekile. Wangetoa vile vidogo vya mwisho, mstari ule ungeshika. Sasa ulikuwa unateremka wote, polepole, kisha si polepole, na chini, ng'ambo ya stesheni, korongo lilikuwa limeanza kunguruma.

"Kaeni chini!" akapiga kelele mtu. Wakakaa. Wakateleza wamekaa.

Athuman akageuka akatazama juu. Aliiona nyumba yake yote inakuja nyuma yake kwenye tope, wageni na majirani, Matonya amepoteza shuka, Batuli amefumba macho. Kisha akamtazama mkewe.

"Mwantum, niachie. Nyumba ina watu."

"Siachi."

"Najua," akasema Athuman, akafungua vidole vyake yeye.

Mkono ulikuwa umelowa. Mwantum aliendelea kuukaza hata baada ya kuwa amekaza hewa. Bila uzito wake mstari ukapunguza mwendo, ukakwama kwenye kichaka cha minyaa, na wote wakabaki hapo wamerundikana, hai. Athuman alivuka reli akiwa amenyooka, akainama kidogo kupita chini ya waya wa simu, kwa mazoea ya mtu aliyebeba mizigo maisha yake yote, akapotea upande wa Zuzu.

Salamu zilifika upesi. Wafanyakazi wa reli walimletea habari mlangoni kwake: Athuman ameonekana Zuzu, mzima, na amesema mlango wa uani haufungi vizuri, bawaba ya chini imelegea. Mwantum akaenda kutazama. Kweli ilikuwa imelegea. Akaikaza. Baadaye zikaja za Kigwe, akiuliza kama umefungwa, na Mwantum akawaambia wamwambie umefungwa. Kisha zikaja za Bahi, na za Bahi hazikuwa na maneno.

Masika yakaendelea. Kila nyumba ikachangia, kama ilivyoamriwa, na jumbe aliwaambia waliolalamika kwamba utaratibu huu ni wao wenyewe, si wa Wadachi. Mvua iliponyesha mji mzima ulisogea kidogo kuelekea reli, na jua lilipotoka watu walipanda tena kwenda kutafuta milango yao. Motokaa ilikwenda Kondoa na kurudi, na watu wakafungwa huko kwa wakati wake. Bartolomayo aliendelea kula kwa Mwantum. Mwanzoni Batuli alikuwa anaondoka mkekani akimwona, halafu akaacha, maana mkeka wenyewe ulikuwa mmoja.

Mvua zilipokaribia kwisha, mipira ya Ulaya ikafika. Watu walikwenda stesheni kuiona ikishushwa. Ilikuwa myeusi, minene, inanukia, na laini kama yai.

Batuli akapanda bomani kuomba mipira ya zamani, walau kipande chenye visigino vya Yahaya, apate kitu cha kuzika. Akaambiwa ni mali ya serikali. Baada ya siku chache ikaonekana imekwenda wapi. Viatu vya askari vilikuwa vimeoza kwa unyevu, na fundi wa boma alikuwa ameikata mipira yote kuwa makubazi. Makubazi yale yalikuwa mazuri. Askari walitembea kwenye mvua bila fimbo wala kushika ukuta, na watu wakazoea kuwasalimia wakitazama chini, wajue nani anapita.

Alasiri moja ya manyunyu, Mwantum yuko jikoni anakoroga uji, Matonya akaita kutoka nje. Sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Shemeji. Athuman amepita uani."

Mwantum akaweka mwiko.

"Ameingia kwa upande wa kichuguu," akasema Matonya, anasoma. "Amezunguka zizi. Amesimama hapa, kama anatafuta kitu. Mguu wa kulia ni wake, sina shaka. Anakuja mlangoni."

Mwantum hakukumbuka majivu wala kushika ukuta. Alikimbia, akateleza, akajishikiza, akafika mlangoni.

Askari alikuwa amesimama pale, kijana tu, Mmanyema, maji yanamtiririka kwenye kofia. Nyuma yake, kwenye tope la uani, mguu wa kulia wa Athuman ulikuwa umefuatana na kubazi la kushoto lililojaa magumba matupu. Mwantum aliyatazama. Lililokuwa karibu na kizingiti, lenye alama ya kisu, lilikuwa la kwake.

"Hodi, mama," akasema askari. "Jumbe amenituma. Mipira mipya haishiki. Wanaume hakuna tena, kwa hiyo kesho asubuhi ni wanawake, miguu yote miwili. Amesema uanze wewe, kwa kuwa ndiwe unayeujua utaratibu."

"Nimesikia."

Askari akainua mguu wa kulia ili aufute kwenye ukingo wa mlango kabla ya kuingia, kama mtu aliyefunzwa adabu kwao.

"Usijifute," akamwambia Mwantum. "Ingia hivyo hivyo."

Akaingia hivyo hivyo, akapita mpaka jikoni na kurudi, akakaa kwenye mkeka pamoja na wengine waliosogea kumpisha, akapewa uji, akanywa, akashukuru, akaenda zake. Zipora akachukua ufagio. Mwantum akauchukua mkononi mwake, akauweka juu ya dari. Usiku watu walilala wamebanana zaidi ya kawaida, wote upande mmoja wa nyumba, ili nyayo zile zisikanyagwe.

Asubuhi wanawake wa mtaa walikutana mlangoni kwake, wakapanda pamoja. Mawingu yalikuwa hayajakusanyika bado. Bomani, Bartolomayo alikuwa ameshaliinua gurudumu la kwanza. Alipomwona Mwantum alikifuta kijisanduku kwa kiwiko cha koti lake, akamsogezea akae.